Uyoga si mmea

Anayedai kwamba uyoga ni mmea "kwa sababu unaota ardhini" anakosea, na kosa lenyewe si dogo. Uvunje uutazame: hauna jani, hauna mbegu, wala umbijani wa kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Unakula gogo lililooza. Kuta za seli zake zina kaitini, kitu kilekile kilicho kwenye gamba la panzi. Ndiyo maana mwanabiolojia Robert Whittaker, mwaka 1969, aliipa kuvu (fangasi), kundi ambalo uyoga umo, himaya yake. Baadaye vinasaba vikaonyesha kuwa kuvu iko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Undugu huo ndio unaotutesa tukitafuta dawa za fangasi: kinachoiua huweza kumdhuru na mgonjwa.