Mgeni wa Mbio Anapouliza Habari za Kichomi

Mtu aliyeanza mazoezi wiki iliyopita anauliza: nikikimbia kidogo tu napata kichomi ubavuni, ni kawaida au nina ugonjwa? Swali hili halikosi katika vikundi vya mazoezi, liwe limeulizwa uwanjani alfajiri au kwenye kundi la WhatsApp usiku, na majibu yake nayo yameshazoeleka. Mmoja anatuma vikatuni vya kucheka. Mwingine anasema huo ni uzee. Wa tatu anamwambia arudi juu akasome, suala hilo lilishajibiwa. Kisha mazungumzo yanarejea kwenye rangi ya fulana za bonanza lijalo, na aliyeuliza hasikiki tena. Baada ya siku chache anaonekana ametoka kwenye kundi, na hakuna anayeuliza kapatwa na nini. Watu wanaliona jambo hili dogo. Mimi naliona kubwa, na naomba tulitazame kwa kuanza na neno lenyewe alilolitumia. Katika Kiswahili chetu kichomi ni yale maumivu ya kuchoma ubavuni yanayompata asiyezoea mbio, yanayotulia akipunguza mwendo na kuvuta pumzi ndefu. Lakini kichomi ni pia jina ambalo wazee waliupa ugonjwa wa mapafu, nimonia. Anayesema ana kichomi anaweza kuwa na jambo lisilo na madhara yoyote, au jambo la kulazwa. Mwenye uzoefu akitaka kumsaidia anahitaji kumuuliza mambo matatu: je, kinatulia ukitembea? Una homa au kikohozi? Maumivu yapo ubavuni, au katikati ya kifua yakielekea begani na mkononi? Dakika moja inatosha kuuliza na kujibiwa, na majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mtu huyo kesho apunguze mwendo au aende kwanza kituo cha afya.

Ninachodai ni kwamba maswali ya msingi ya wageni ndiyo kazi kuu ya kikundi cha mazoezi. Wakongwe wengi huyaona kama kero inayoikatiza kazi hiyo. Tukumbuke vikundi hivi vinasifiwa kwa lipi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kufanya mazoezi, kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umeshaonyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sasa kijana anayekimbia kilomita 10 kila asubuhi ameshazivuka dakika hizo zamani. Kampeni ile haikumlenga yeye. Ilimlenga mama wa miaka 52 anayepanda ngazi tatu akahema, yaani yuleyule anayeuliza habari za kichomi, na ambaye kikundi kinampoteza kwa kicheko kimoja.

Kuna watakaosema kwamba huku kwetu haya ni mambo ya mjini. Kabuku yetu ya Handeni, mkoani Tanga, watasema, ni nchi ya mahindi, machungwa na mkonge. Mtu aliyeshika jembe toka asubuhi anafundishwa mazoezi gani? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mkata mkonge wa Ngombezi au Magunga, kule Korogwe, anayeinama, anakata, anafunga mafungu na kuyabeba hadi ukingoni mwa shamba, hana haja ya kuambiwa atoke jasho. Ila Kabuku ya leo si ya wakulima peke yao. Mji umekaa juu ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, na barabara hiyo imezaa kazi za kukaa: dereva wa lori, mwenye duka, wakala wa fedha za simu ndani ya kibanda chake, kijana wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Mwendo wa kilomita mbili kwenda sokoni, uliokuwa wa miguu, sasa ni wa bodaboda. Watu hawa hawana jembe la kuwasaidia, na wengi wao walikimbia mara ya mwisho siku walipomaliza shule.

Hapo ndipo linapoingia jambo linaloniuma kuliko mengine, nalo ni adabu. Mwalimu wa miaka 50 akikutana njiani na kijana wa miaka 23, kijana ndiye anayeanza: shikamoo mwalimu. Hawezi kumcheka, hawezi kumkatiza, na akiulizwa njia atasimama amwelekeze, pengine amsindikize mpaka kwenye kona. Wawili haohao wakikutana kwenye kikundi cha mazoezi mambo yanageuka. Kijana ndiye mkongwe, ana medali mbili za mbio za mitaani, na mwalimu ndiye mwanagenzi anayeuliza avae raba gani. Ukubwa wa umri na ukubwa wa ujuzi umepishana, na hatujakubaliana tufanyeje unapopishana, hasa kwenye simu, ambako hakuna uso wa kuuonea haya. Kwa mtu mzima kuuliza jambo dogo mbele ya watoto wake ni kushusha heshima yake kwa hiari. Akichekwa, hajachekwa swali tu. Wanawake wana mzigo wa ziada, kwa kuwa maswali yao mengi ni ya mwili na ya stara: nikimbie na dera au suruali, hijabu itanipa joto, nifanye nini siku za hedhi, nimejifungua miezi minne iliyopita je niruke? Maswali haya hayaulizwi mara ya pili kama la kwanza lilipokewa kwa kejeli.

Na ukimya wa wakongwe haubaki mtupu. Mtu akiuliza namna ya kupunguza tumbo, kikundi kikacheka, muuzaji wa chai ya kupunguza mwili anamfuata pembeni kwa ujumbe wa faragha, kwa lugha laini kabisa, anamwita dada yangu, anamuuliza ana kilo ngapi na anamsikiliza. Nisingependa biashara hizi zistawi, lakini lazima nikiri kwamba zinashinda kwa sababu zinafanya kile ambacho sisi tumekataa kukifanya: zinajibu.

Ushahidi wa gharama ya kuwakatisha tamaa wageni unaweza kupatikana hata mbali na michezo. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliongezeka hadi mwaka 2007, kisha wakaanza kupungua. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha uchambuzi unaoonyesha kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa walichoandika na kupewa maonyo ya mashine, na kwamba wageni waliopokewa hivyo waliondoka. Taratibu zile ziliwekwa kwa nia nzuri, kulinda ubora wa kazi, na matokeo yake yakawa kukauka kwa chemchemi iliyokuwa ikileta wafanyakazi. Mfano wa upande wa pili ni wa mbio zenyewe. Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park jijini London, watu 13 walikimbia kilomita 5 pamoja, bure. Zoezi hilo, linaloitwa parkrun, leo hufanyika kila wiki katika nchi nyingi. Katika taratibu zake yumo mtu wa kujitolea anayetembea nyuma kabisa ya wote, ili mgeni asiwe wa mwisho hata akitaka. Wastani wa muda wa washiriki umezidi kuwa mrefu kadiri miaka ilivyopita, na waandaaji wanahesabu hilo kuwa mafanikio, maana waliokuwa wakiogopa kuja sasa wanakuja.

Wakongwe wana malalamiko yao na si haki kuyapuuza. Wanasema wamechoka. Swali la raba wamelijibu mara 40, na wao hawalipwi. Ni kweli, na uchovu huo ni wa haki. Lakini dawa ya swali linalojirudia ni kuliandikia jibu fupi likabandikwa mahali, na kumpa mtu mmoja zamu ya kulijibu, kama tunavyopeana zamu za kukusanya michango ya msiba. Wengine wanasema mgeni atafute mwenyewe, mtandaoni kuna kila kitu. Kwa nani? Sehemu kubwa ya maelezo hayo imeandikwa kwa Kiingereza, kwa watu wa nchi za baridi, na mtu wa Kabuku anataka kujua kama akimbie saa 12 asubuhi au jioni jua likipungua, na kama anaweza kufanya mazoezi akiwa amefunga Ramadhani. Anataka kujua pia akimbie upande gani wa barabara ambayo mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita kwa kasi. Jibu ni upande wa kulia, ukitazama magari yanayokuja, na mtu anaweza kufa kwa kutolijua. Bando lake la siku halitoshi kulisaka katika video za saa nzima.

Wapo pia wanaotetea ukali, na huwa wanaleta mfano wa JKT: kule hakuna kubembelezana, na vijana wanatoka imara. Mfano huu unanifaa mimi zaidi kuliko wao. Kuruta hana ruhusa ya kuondoka akichukizwa. Mwanachama wa kikundi anayo, na huitumia. Tena hata huko jeshini kwata huanza na namna ya kusimama, mguu pande, mguu sawa, na hakuna afande anayemcheka kuruta kwa kutojua kitu ambacho hajafundishwa. Ukali unakuja baada ya mafunzo. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya wanaosema sisi si waganga, tukijibu maswali ya afya tutaua mtu. Hapa nakubaliana nao kabisa kuhusu hatari. Mtu wa kisukari anayechoma insulini akiuliza kama akimbie bila kula, jibu la kubahatisha linaweza kumwangusha barabarani kwa kushuka kwa sukari. Lakini kicheko hakimlindi mtu huyo, wala ukimya. Kinachomlinda ni mtu wa kumwambia kwa upole: hili lipo juu ya uwezo wetu, kapime presha na sukari kwanza, muulize daktari wako, kisha urudi, tutakusubiri. Neno hilo la mwisho ndilo linalomrudisha.

Ajabu ni kwamba namna ya kumpokea asiyejua tunayo tangu zamani. Tazama mchakamchaka wa shuleni. Mstari ni mmoja, mwendo ni mmoja, kiongozi anaimba na wengine wanaitikia, na kati ya wimbo na kiitikio mtu anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Asiyeweza kuitikia ameshaonekana kwamba mwendo umemzidi, na msururu unapunguza. Wataalamu wa mazoezi leo wanafundisha jambo hilohilo: mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu bado anaweza kuzungumza. Tazama pia unyago na jando. Mwali hakuachwa na umati wa watu wanaojua. Alikuwa na somo wake, mtu mmoja aliyekabidhiwa, ambaye hakuna swali la aibu kwake. Kwa nini kikundi cha mazoezi kisiwe na somo? Mtu mwenye subira, kwa wanawake mwanamke, anayempokea mgeni siku ya kwanza, akamuuliza ana presha, ana sukari, goti linauma, kisha akakimbia naye nyuma. Nchi hii inalienzi jina la John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio ndefu za Olimpiki za Mexico mwaka 1968 na akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Taifa lililomkumbuka wa mwisho kwa zaidi ya miaka 50 linao moyo wa kumngoja mama wa miaka 52 kwenye barabara ya vumbi.

Wala somo hahitaji elimu kubwa. Mpango wa Josh Clark wa Marekani, wa mwaka 1996, kwa wasiowahi kukimbia unaanza na dakika moja ya kukimbia na dakika moja na nusu ya kutembea, kwa kupokezana, kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki. Unaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Kuhusu waenda kasi na waenda pole kutoka pamoja, kuna njia rahisi ambayo kikundi chochote cha Kabuku kinaweza kuijaribu Jumamosi hii, kwenye njia ya ndani isiyo na malori. Wote wanaondoka pamoja, kila mtu kwa mwendo wake. Dakika ya 15 filimbi inapigwa, na kila mmoja anageuka palepale alipofikia. Aliyekuwa nyuma kabisa anajikuta ametangulia kurudi, na vijana wenye mbio wanamfikia karibu na pale walipoanzia, wakimpita mmoja mmoja na kumwamkia.