Jile ya mwanaume haiokoi mama

Kwa mugodi hakuna mutu anayekubali kofia ya kazi inayocheza juu ya kichwa. Buti ikiwa kubwa tunairudisha. Na mukaba wa kupanda juu, tunaufunga mbele ya mwenzetu ili auvute, aone kama unatukamata. Hakuna anayesema hayo ni maringo. Lakini siku tunapochukua bibi zetu na watoto kwenda ziwani, jile ya kuelea inatupwa kutoka ndani ya mashua kama gunia, na mama anaambiwa: vaa, twende.

Tunasema neno hili leo kwa sababu mwaka uliopita tulikuwa karibu kupoteza mutu.

Ilikuwa kwa ziwa Nzilo, siku ya sherehe ya familia. Watu wa Kolwezi wanalijua vizuri: ni maji ya Lualaba yaliyozuiwa na barrage, ile iliyoitwa zamani Delcommune, iliyojengwa kusudi umeme ufike kwa migodi. Ziwa lenyewe ni mutoto wa mugodi. Tulikula, watoto wakacheza, kiisha mashua moja ya moteri ikaanza kuvuta watu kwa ski, wale wanaosimama juu ya mbao mbili na kushika kamba. Mchezo huo ulianza Marekani mwaka 1922, kwa ziwa Pepin, kijana mumoja jina lake Ralph Samuelson alipovutwa juu ya mbao. Kwetu ni mchezo wa mwenye mashua na petroli, lakini siku ile wote waliruhusiwa.

Bibi ya mwenzetu wa kazi akasema naye anataka. Ni mama mwenye nguvu, amekulia karibu na Luapula, kuogelea anajua kutupita sisi. Wakampa jile iliyobaki: ya mwanaume, kubwa. Mukaba wa juu haukufika kujifunga mbele ya kifua, wakauacha wazi. Wa chini ulikuwa unacheza juu ya kiuno. Alisimama, akaenda labda mita mia moja, sisi wote tunapiga makofi. Kiisha akaanguka. Maji yakaingia chini ya jile, ikapanda mpaka machoni, mikono ikaenda juu, jile ikatoka sawa vile shati unayomvua mutoto. Tuliona jile inaelea peke yake.

Mashua iligeuka mbio, wakamshika mukono. Alikuwa amemeza maji mingi, lakini leo iko muzima, na anacheka tukikumbuka. Wakati ule hakuna aliyecheka. Ndani ya bisi ya kurudi wababa wakaanza kusema: michezo hii haikuumbwa kwa wamama. Sisi tunakataa. Jile njo haikuumbwa kwa mama yule.

Mwili wa mwanamuke si mwili wa mwanaume mudogo. Kwa wamama wengi, toka bega mpaka kiuno ni kufupi kuliko kwetu, na kifua kinataka nafasi yake. Ukimvalisha jile ya mwanaume, ao inambana kifuani mpaka anashindwa kuvuta pumzi, ao anachukua kubwa zaidi ili ifungike, na hiyo kubwa itamtoka ndani ya maji. Kuna jile za wanawake zilizokatwa kwa namna nyingine: fupi kidogo, matundu ya mikono mapana zaidi, na sponji ya mbele imegawanyika vipande ili ifuate kifua na mikaba ifungike yote. Si urembo wa rangi. Rangi ya waridi juu ya jile iliyokatwa kwa mwanaume ni jile ya mwanaume yenye rangi ya waridi, na kwa soko wanaiuzisha ghali.

Namna gani mama atajua kama ni yake? Achukue metre ya fundi wa nguo, apime kifua pale kinapokuwa kipana, kiisha alinganishe na namba iliyoandikwa ndani. Kwa mutu muzima kipimo cha kifua njo kinasema saizi. Kwa mutoto ni kilo. Avae, afunge mikaba yote. Kwa ski tunataka mikaba mitatu ao mine, maana mutu anapiga maji kwa nguvu. Avute pumzi mpaka mwisho. Achuchumae, magoti yaguse kifua, kwa sababu njo hivyo mutu wa ski anavyongojea ndani ya maji kabla mashua haijaanza. Kama jile ni ndefu, itamsukuma kidevu pale pale. Kiisha ainue mikono, na mwenzake amvute jile kwa mabega kwenda juu. Ikifika kidevuni ao kwenye masikio, arudishe, hata kama muuzaji anakasirika. Mwisho ajaribu ndani ya maji yanayofika kiunoni, alale chali, aone kama kinywa kinabaki juu. Dakika kumi zinatosha. Kazini tunapoteza nyingi zaidi tukingoja lori.

Jile ya neopreni ni laini, inashika mwili, haichubui makwapa. Ya nilo ni rahisi kwa bei, lakini ngumu kidogo. Mwenye franga kidogo achukue ya nilo inayomkamata vizuri, aache ya neopreni inayocheza. Ile ya kujazwa upepo asiichukue kwa ski hata kidogo, haikutengenezwa kwa kupigwa na maji namna ile.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi kuliko ski, maana wamama wetu wengi hawatavutwa na mashua hata siku moja, lakini kuvuka ziwa wanavuka. Samaki ya Kasenga na ya ziwa Moero imelisha makambi ya wafanyakazi wa Katanga tangu wakati wa Union Minière, na leo wanaoifuata kule ni wamama. Wengine wana ndugu Kalemie na Moba, wanapanda masua ya Tanganyika pamoja na mizigo na watoto. Mama wa namna hiyo akiona jile nzuri ya ski kwa soko, atasema: hii inanitosha. Haimtoshi.

Atazame namba ndani: 50, 100, 150. Hizo ni nyutoni, nguvu ya kuinua mutu; nyutoni 10 ni karibu kilo moja. Mutu muzima anahitaji paka kilo 3 mpaka 5 hivi ili kichwa kikae juu, maana mwili wenyewe unaelea karibu wote. Kwa hiyo 50, ile ya ski nyingi, inaweza kumwinua. Lakini imefikiriwa kwa mutu anayejua kuogelea, mwenye akili zake, na mashua ya kumwokota iko karibu. Haikutengenezwa kugeuza mutu aliyezimia ili uso utazame mbingu. Kwa kazi hiyo wametengeneza zile za 100 kwa maji yaliyotulia, na za 150 kwa ziwa lenye mawimbi, zenye sponji nyingi mbele na kola nyuma ya shingo. Ni kubwa, zinaleta joto, mama atalalamika. Usiku katikati ya Tanganyika hakuna mashua inayogeuka mbio.

Na kikwembe? Tunakiheshimu, lakini ndani ya maji kinafunga miguu kama kamba. Mama avae kaputula ao suruali chini, hivyo hata mukaba wa kupita katikati ya mapaja utapata njia. Mukaba huo unazuia jile kupanda. Mutoto wa mugongoni asifungwe chini ya jile ya mama wala juu yake: anahitaji yake mwenyewe, ya kilo zake, yenye kola. Jile ikaliwe juu kama mto wa kiti? Apana. Sponji inakufa. Ukiibonyeza na kidole na shimo linabaki, jile hiyo haina kazi tena. Ianikwe kivulini.

Wababa wengine, tusifichane, wanawapelekea bibi zao jile ya kazi, ile ya kitambaa inayong'aa usiku. Ni ya rangi ileile ya machungwa, lakini ikiloba inazama pamoja na mwenye kuivaa.

Tunajua jibu la wakubwa: sherehe ni zawadi, jile ni gharama. Lakini aliyekodi mashua na kulipa nyama na bia anaweza kuuliza saizi. Wadelege wetu wakikaa nao kupanga Mei 1, wapeleke karatasi ya vipimo vya wamama pamoja na hesabu ya sahani. Kwa kundi letu tumekwisha kupima. Mama mwembamba kuliko wote ana sentimita 81 za kifua, na mwenzetu aliyeanguka Nzilo ana 112. Jile zote tulizopewa mwaka uliopita zilikuwa za saizi moja.