Bezzecchi Alilipia Kumgonga Márquez, Lakini Shakwe wa Phillip Island Hana Kesi

Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba 2025, wasee wengi huku Nairobi walikuwa bado kwa blanketi wakati Marco Bezzecchi alikuwa anapeleka Aprilia yake kwa laini ya kuanzia huko Phillip Island, Australia. Resi haikuwa imeanza hata. Taa bado. Ghafla shakwe, yule ndege mweupe wa baharini mwenye huzunguka boti za wavuvi akingoja mabaki, akaingia mbele ya nduthi. Paap! Ndege akaenda. Bezzecchi akafika kwa laini, akaanza resi kama kawa, na akashinda.

Mtandao ulifanya kazi yake. Meme kila kona, ati Aprilia siku hizi inakula kuku. Mimi pia nilicheka, siwezi wadanganya. Lakini ukikaa chini uangalie hiyo wikendi yote, kuna kitu hakibambi, na si juu ya ndege mmoja tu.

Anza na hii. Bezzecchi alifika Australia akiwa na deni. Wiki mbili kabla, tarehe 5 Oktoba kule Mandalika, Indonesia, alimgonga Marc Márquez kwa nyuma mzunguko wa kwanza tu, wote wawili wakaruka hadi kwa changarawe. Márquez, mwenye alikuwa ameshabeba taji la dunia wiki moja kabla ya hapo kule Motegi, Japani, akaumia bega na msimu wake ukaishia hapo. Wasimamizi wa resi hawakubembeleza mtu. Bezzecchi akapewa adhabu ya mizunguko mirefu miwili ailipe Australia. Kwa wenye hawajui, hiyo ni njia ya nje kwa kona moja, ndefu kuliko kawaida, unalazimishwa kuipitia huku wenzako wanakupita ukiwaona hivi hivi.

Jumapili akailipa, yote miwili. Alikuwa mbele, akarudi nyuma, akaanza tena kupanda mmoja mmoja hadi nafasi ya tatu. Raúl Fernández wa Trackhouse akachukua ushindi wake wa kwanza kabisa wa MotoGP, na Fabio Di Giannantonio akawa wa pili. Wengi wanasema kama si hiyo adhabu Bezzecchi angebeba wikendi nzima. Mimi pia naona hivyo.

Sasa cheki hesabu. Ukimgonga mwenzako, kuna kitabu, kuna kamati, kuna video, kuna adhabu. Njia yenyewe ikikuletea ndege usoni, hakuna faili. Hakuna mwenye anaitwa ofisini. Inaandikwa bahati mbaya, resi inaendelea.

Lakini bahati mbaya huwa haina anwani, na hii ya Phillip Island iko na anwani kabisa. Saketi iko juu ya miamba kando ya bahari, kisiwa chenye kiko kama kilomita 140 kutoka Melbourne. Hicho kisiwa ni maarufu duniani kwa wanyama kabla hujafika kwa pikipiki: watalii hulipa kila jioni kuona pengwini wadogo wakitoka majini wakipanda ufuo kama watoto wa shule. Kuna wallaby, ni kama kangaroo lakini mdogo. Kuna bata bukini wakubwa wa kijivu wenye miaka ya 1950 watu walidhani watatoweka kabisa. Watu wa hifadhi wakafanya kazi ya maana: wakawasaka mbweha walioletwa na Wazungu, na 2017 kisiwa kikatangazwa hakina mbweha tena. Bila adui, bata na wallaby wakazaana.

Hii ni habari poa kwa wanyama. Kwa msee mwenye anakuja kwa ile barabara ndefu ya mbele ya jukwaa akiwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, ni habari ingine kabisa.

Tupige hesabu kidogo, usihepe. Shakwe wa kule ana uzito wa kama gramu 300, hata nusu kilo ya sukari inamshinda. Lakini ukimkuta ukiwa kilomita 300 kwa saa, nguvu ya hiyo kishindo inakaribia gunia la mahindi la kilo 90 likikuangukia kutoka juu ya mita moja. Hiyo ni shakwe. Bata bukini wa kule anaweza kufika kilo tano. Zidisha hiyo nguvu mara 16, alafu uniambie kama bado unatengeneza meme.

Na kumbuka dereva wa gari yuko ndani ya kitu. Lewis Hamilton alimgonga groundhog, mnyama mnene wa kuchimba mashimo, kwa Formula 1 kule Montreal Juni 2025. Sakafu ya Ferrari ikaharibika, akamaliza wa sita, akasikitikia mnyama, kwisha. Kwa pikipiki hakuna sakafu. Bampa ni wewe. Ndiyo, suti za MotoGP ziko na mfuko wa hewa, ni lazima tangu 2018, unafura ukianguka unashika mabega na mbavu. Lakini huo mfuko unangoja uanguke. Shakwe hangoji, na anakuja usawa wa kioo cha helmeti.

Bezzecchi si wa kwanza pia. 2013 Jorge Lorenzo alimgonga shakwe hapo hapo Phillip Island, na wikendi hiyo hiyo akashinda resi. 2015 ikawa Andrea Iannone. Ile picha yake na shakwe hewani, wamekaribiana kama wanataka kupeana busu, nadhani ushawahi kuiona hata kama hujui MotoGP ni nini. Iannone alimaliza wa tatu akimwacha Valentino Rossi nyuma, kwa resi yenye watu bado wanaiita moja ya bora zaidi kuwahi kutokea, Marc Márquez akimpita Lorenzo mzunguko wa mwisho. Baada ya hapo beef ya Rossi na Márquez ikalipuka, na ndege akabaki kuwa kichekesho cha pembeni.

Umeona venye inaenda? Lorenzo aligonga akashinda. Iannone aligonga akapanda jukwaa. Bezzecchi aligonga akashinda. Wasee wakaanza kusema shakwe ni nyota njema. Buda, hiyo ndiyo shida yenyewe. Tunacheka juu zote tatu ziliisha vizuri. Hakuna kati yao mwenye aligongwa kooni akiwa ameegemea kona na watu ishirini nyuma yake. Kitu kikiponyoka mara tatu, watu huanza kuamini hakiwezi kushika.

Usiniambie haiwezekani kubadilisha chochote, juu tumeona ikiwezekana. Angalia upepo, hapo hapo kisiwani. 2019 Miguel Oliveira alipeperushwa nje ya njia mwisho wa ile barabara ndefu, waendeshaji wakasema hapana, na ile shughuli ya kutafuta nafasi ikasukumwa hadi Jumapili. 2023 utabiri ulikuwa mbaya mpaka resi kubwa ikavutwa ikafanywa Jumamosi, Johann Zarco akapata ushindi wake wa kwanza, na ile fupi iliyobaki Jumapili ikafutwa kabisa. Ratiba ya TV ya dunia nzima ilivurugwa juu ya upepo. So ratiba si msahafu.

Ama angalia matuta ya Austin, Texas. Ile saketi imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, ule unaofura ukinyesha na kupasuka jua likiwaka, kama ule udongo mweusi wa pamba wenye hupasua nyumba Embakasi. Lami ikaanza kujikunja. Oktoba 2021 waendeshaji walifika wakapata njia imekuwa kama ya motokrosi, pikipiki zinaruka kwa mwendo wenye hata gari ndogo haiwezi kufika. Ijumaa jioni wakakaa kile kikao chao cha usalama wakasema wazi: sehemu hizi na hizi ziwekwe lami mpya, ama sisi haturudi. Aprili 2022 walipokuja tena, sehemu kubwa ilikuwa imewekwa lami.

Funzo la Austin halikuwa lami. Ilikuwa ni nani alilipa. Mwenye saketi alitoa doh juu waendeshaji walishikana na walikuwa na kitu cha kunyima. Kwa matuta hiyo ni rahisi, unaonyesha kidole mahali pako vibaya. Shakwe hana mwenye. Huwezi mwambia atengenezwe kufikia Aprili.

Ila kuna watu wamezoea hii kazi, ni watu wa viwanja vya ndege. Wao hupima urefu wa nyasi ndio ndege wasipate mahali pa kulia. Wanapiga baruti za kutisha, wengine wanafuga mwewe wa kufukuza wengine. Wanahesabu kila kishindo na kukiandika. Na si mambo ya majuu tu. Mnakumbuka ile mipango ya kutoa dampo la Dandora lipelekwe Ruai? Wakubwa wa usafiri wa anga walipinga, juu takataka huleta korongo na kunguru, na Ruai iko kwa njia ya ndege zinazoshuka JKIA. Yaani ndege wa manyoya walizuia mradi mzima wa jiji. Hata Safari Rally ya Naivasha, KWS huwa ndani ya mpango tangu mwanzo, si watu wa kuitwa baada ya pundamilia kukatiza.

Tofauti ni bima. Ndege ya abiria ikigonga korongo kuna kampuni inalipa mamilioni, so kuna msee ameajiriwa kuhesabu korongo. Nduthi ikigonga shakwe, kuna mechanic na kitambaa.

Hapa ndio hii stori inanigusa, na nadhani inagusa kila mtu mwenye hupanda boda. Mwaka jana nilikuwa nyuma ya boda moja usiku, barabara ya mtaa yenye imewekwa tuta jipya bila rangi, bila alama. Tukaliona tukiwa tayari juu yake, na hapo hapo mbwa akakatiza. Jamaa wa boda alikwaruzwa mkono wote, mimi goti. Asubuhi tukaenda kuuliza tuta limewekwa na nani. Ofisi ya kwanza ikasema si wao. Ya pili ikatuuliza kama mwendeshaji alikuwa na leseni. Alikuwa nayo, na koti la kung'aa pia. Lakini faili pekee iliyofunguliwa siku hiyo ilikuwa yake.

Sisemi Phillip Island ifungwe. Mimi naipenda hiyo saketi kuliko zote, zile kona za kasi na bahari nyuma, hakuna ingine kama hiyo. Na hao ndege walikuwa hapo kabla ya 1956 yenye lami iliwekwa. Nasema tu kwamba kile kikao cha Ijumaa jioni, kile kilichowashinda watu wa Austin, kinaweza pia kuuliza maswali madogo: nani anazunguka njia dakika kumi kabla ya taa? Nyasi kando ya ile barabara ndefu ni za urefu gani? Kwa miaka yote tangu Lorenzo, wamegongwa ndege wangapi mazoezini, Moto3 na Moto2 zikiwemo, na ni nani ameandika?

Bezzecchi mwenyewe, baada ya kushinda, alimwonea ndege huruma. Alafu akaenda kulala akijua kesho ana mizunguko miwili mirefu ya kulipa.