Majina Tusiyoyataja Tarehe 16 Juni

Kila ifikapo Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko huvishwa fulana mpya, wakapangwa safu mbele ya jukwaa, wakaimba na kucheza ngoma, wakaisikiliza hotuba ya mgeni rasmi juu ya haki ya elimu na madhara ya ndoa za utotoni, kisha wakagaiwa soda na kurudi makwao. Na aghalabu hatokei hata mtu mmoja wa kuwaeleza kwamba siku hiyo, inayoadhimishwa barani tangu mwaka 1991, ilipatikana kwa damu ya wanafunzi wa Soweto, katika jiji la Johannesburg. Hotuba si mbaya, wala soda si haramu. Ninalolalamikia ni kwamba marehemu wamesahauliwa katika hitima yao wenyewe.

Mwaka 1974 serikali ya Makaburu ilitoa amri kwamba nusu ya masomo, hisabati ikiwa miongoni mwayo, yafundishwe shuleni kwa Kiafrikana, lugha ambayo walimu wengi wenyewe hawakuimudu, sembuse wanafunzi. Malalamiko yalipopuuzwa, wanafunzi wa Orlando West waligoma mwezi wa Mei 1976, na Jumapili ya tarehe 13 Juni wenzao wa shule mbalimbali walikutana wakaunda kamati, kijana Tsietsi Mashinini akiwa mmoja wa vinara wake. Jumatano iliyofuata, asubuhi ya kipupwe, maelfu yao walitoka katika shule za Naledi, Morris Isaacson na nyinginezo, wamevaa sare na kushika maboksi yaliyokatwa na kuandikwa maneno ya kuikataa amri ile, wakielekea Uwanja wa Orlando, huku viongozi wao wakiwasihi watulie na wasiwachokoze askari. Hawakuwa na silaha. Askari waliwazuia Orlando West, wakawarushia mabomu ya machozi, hatimaye wakawafyatulia risasi.

Dunia inamjua Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, kwa sababu mpiga picha Sam Nzima wa gazeti la The World alikuwapo: katika picha ile Mbuyisa Makhubu, aliyevaa ovaroli, amempakata mtoto aliyelegea, na dada yake Hector, Antoinette, anakimbia ubavuni mwao katika sare ya shule, mkono ameuinua kana kwamba anaizuia mauti isisogee. Nzima aliificha filamu ndani ya soksi yake ili askari wasimnyang'anye. Lakini Hastings Ndlovu, kijana wa miaka 15 ambaye huenda ndiye aliyetangulia kupigwa risasi, hakuwa na mpiga picha karibu naye, na kwa sababu hiyo tu, pasina sababu nyingine ya maana, jina lake halitajwi nje ya Soweto ila kwa nadra. Mbuyisa naye alilazimika kuihama nchi, na baada ya barua iliyotoka Nigeria mwaka 1978, jamaa zake hawakupata habari zake tena. Naona si insafu kumbukumbu ya taifa zima, na ya bara zima, iachiwe bahati ya kamera.

Machafuko yalienea miji mingi. Tume ya Jaji Cillié, iliyoundwa na serikali ile ile iliyowatuma askari, ilihesabu watu 575 waliokufa hadi mwisho wa Februari 1977, na ikakiri kwamba 451 kati yao waliuawa na polisi. Na maadamu tunadai ukweli, tuuseme wote: baada ya risasi za kwanza ghadhabu ilipanda, majengo yakachomwa, na miongoni mwa waliouawa na umati alikuwamo Melville Edelstein, mzungu aliyekuwa ametafiti kwa makini fikira za vijana wa Soweto. Hilo haliwapunguzii adhama watoto walioandamana kwa amani, kwani wao hawakuanzisha umwagaji wa damu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kusema mambo haya yako mbali. Katika wimbi la vijana waliokimbia baada ya Juni 1976, wengi walifika Tanzania, na serikali ikawa imetoa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, ambapo chama cha ANC kilijenga shule, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Leo mahali hapo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na makaburi ya wakimbizi waliofia ugenini yangalipo.

Basi nawaomba wakuu wa shule na maofisa wanaoandaa sherehe za mwakani: kabla mgeni rasmi hajakaribishwa kwenye kipaza sauti, mpeni mwanafunzi mmoja dakika tano asimulie kisa cha Soweto na kumtaja Hastings Ndlovu, kisha Hector Pieterson, na shule zilizo karibu na Morogoro ziwapeleke watoto Mazimbu, wakayasome majina yaliyo makaburini.