Wino wa Picha Zitakazodumu

Mtu mwenye picha moja tu ya marehemu babu yake, naye ataka kuwachapishia nduguze nakala, yampasa kuuliza habari za wino kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Wino wa mashine za kuchapa picha ni wa namna mbili. Wa kwanza ni rangi iliyoyeyuka kama sukari katika chai. Hupendeza, lakini jua huifubaza upesi. Wa pili una chembe ndogo mno zisizoyeyuka, na weusi wake hutokana na kaboni, kama masizi ya jikoni. Huo ndio udumuo.

Tena, mashine yenye wino mmoja tu mweusi mara nyingi hupata kijivu kwa kuchanganya rangi nyingine, na uso wa mzee waweza kuonekana wa kijani au mwekundu taa ibadilishwapo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2005 kampuni ya Epson ya Japani ilitoa wino uitwao UltraChrome K3, wenye weusi wa ngazi tatu: mweusi, kijivu, na kijivu hafifu.

Karatasi nayo huchagua wino: ing'aayo yataka weusi wake, na ya pamba isiyong'aa yataka mwingine.

Mashine kama hizo ni ghali. Basi, afadhali nakala moja ya wino bora, iliyochapwa kwa fundi na kutundikwa mbali na jua, kuliko kumi zitakazofifia kabla wajukuu hawajamjua mzee wao.