Mbuga Kabla ya Simba

Mtajie kijana wa Dar es Salaam neno mbuga, atawaza simba, kiingilio na gari lililofunuliwa paa. Mtajie mkulima wa Kishapu au Maswa, kule Usukuma, atatazama chini. Kwake mbuga ni udongo: mweusi, mzito, wa bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Maana hizi mbili huishi pamoja bila ugomvi mpaka siku wataalamu wanapofika na ramani kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji. Hapo mbuga husomwa kuwa uwanda tu, mahali patupu panaposubiri kazi, na habari ya udongo huishia kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua.

Oktoba moja nilikuwa Kishapu. Mzee aliyenitembeza alitumbukiza fimbo yake ya kuchungia kwenye ufa, ikazama mpaka karibu na kiganja. “Ndama akiingiza mguu hapa,” akasema, “huyo ni wa kuchinja.” Niliporudi Machi nikautafuta ufa ule bila mafanikio. Ardhi ilikuwa imefumba. Viatu vyangu viliongeza soli kila hatua, hata nikavivua na kuvibeba mkononi, na mzee akacheka kwa adabu.

Kinachofanya kazi hiyo ni chembe za udongo wa mfinyanzi, zisizozidi milimita 0.002, na si za mfinyanzi wowote tu. Katika mbuga hutawala jamii ya madini iitwayo smektaiti, ambayo imepangika matabaka matabaka kama kurasa za msahafu. Maji huingia kati ya kurasa, zikavimba. Jua likiyatoa, zinasinyaa. Madini haya hupenda kuzaliwa bondeni, pale maji yanayoteremka kutoka miinuko huleta kalsiamu na magnesiamu kisha yakatuama. Mapande ya udongo yakivimba hukosa nafasi, husukumana na kusuguana mpaka nyuso zake zinang'aa kama zimepigwa sabuni. Kiangazi, udongo wa juu humomonyokea ndani ya nyufa, na mvua ikija unavimba ukiwa huko chini. Shamba linajigeuza lenyewe. Ndiyo sababu wanasayansi waliuita Vertisoli, kutokana na neno la Kilatini la kugeuza. Weusi wake huwadanganya wengi kwamba umejaa mboji. Mara nyingi mboji yenyewe ni haba.

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo unadai mambo machache: mfinyanzi usiopungua asilimia 30, nyufa zinazofunguka na kufumba kwa msimu, na ndani ya mita ya kwanza kuwepo tabaka lenye nyuso zilizosuguliwa au mapande yenye umbo la kabari. Rangi haimo katika masharti hayo. Udongo unaainishwa kwa mwenendo wake wa mwaka mzima, jambo ambalo timu inayokaa kijijini kwa siku chache haiwezi kuliona kwa macho.

Gharama ya kutoliona tunaijua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, na Kongwa ikawa mahali pa kwanza. Udongo wa pale si mbuga. Ni mwekundu, una mfinyanzi wa kutosha na chembe kali za mchanga. Mvua ikinyesha unalainika, mtu anaweza kuupenda. Jua likiwaka unagandamana kama sakafu ya saruji, karanga zikabaki zimefungwa chini hazing'oleki, huku mchanga ule ukila majembe ya matrekta. Mvua zenyewe hazikutabirika. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya taifa, ng'ombe wanakula nyasi. Sisemi kwamba udongo peke yake ndio uliouzika mradi, maana hata mitambo na mipango ilikuwa na kasoro zake. Nasema wenyeji wa Ugogo walikuwa wakifuga na kulima mtama na uwele pale kwa sababu, na sababu hiyo ilikuwa chini ya miguu yao.

Cha kusikitisha ni kwamba elimu haikuwa mbali. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani kule Usambara, alipendekeza neno katena, yaani mnyororo: udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha mwinuko hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia mwinuko baada ya mwinuko. Usukuma ni mahali pazuri pa kuuona. Wasukuma nao wana majina ya pete za mnyororo huo: luseni, mchanga wa juu, itogolo na ibambasi, zenye tabaka gumu linalozuia maji, ibushi, yenye chokaa, na mbuga yenyewe. Kila jina linabeba ushauri. Ukisema luseni, msikilizaji anajua muhogo na karanga zitakwenda vizuri. Ukisema ibambasi, anajua mtama utamtia hasara, ila jaluba la mpunga huenda likashika maji. Sijaona ramani ya wilaya inayosema mengi hivyo kwa neno moja.

Sasa tuje kwenye hoja inayogombaniwa vijijini. Idadi ya watu inapanda, mashamba ya mwinukoni yamechoka, na mbuga iko pale, pana, haina miti, ina virutubisho kuliko mchanga wa juu. Kwa nini isigawiwe? Hoja hii si ya kijinga. Majaluba ya mpunga ya Shinyanga na Mwanza yamelisha familia nyingi, na pamba inaujua udongo huo vizuri. Anayesema mbuga zote ni za ng'ombe milele amesahau kwamba wenye ng'ombe hao hao ndio wenye majaluba.

Lakini rutuba ya maabara na rutuba ya mwaka wa mvua haba ni vitu viwili. Mfinyanzi hushika maji mengi na kuyang'ang'ania; sehemu kubwa mzizi hauwezi kuyanyonya. Manyunyu yakija, hubaki juu juu na kurudi hewani, wakati kwenye mchanga yangezama yakasalimika. Mwaka 1973 Imanuel Noy-Meir alieleza jambo hilo: katika nchi kame, mchanga unaweza kuotesha kuliko mfinyanzi, kinyume na inavyokuwa kwenye mvua nyingi. Kwa hiyo mbuga inayopokea maji ya mwinuko ni mali, ila mbuga tambarare inayotegemea mawingu yake tu ni kamari. Halafu kuna jembe: udongo huu ukikauka haulimiki, ukilowa unanata, na siku za katikati zinahesabika.

Hoja nzito zaidi, kwangu, ni ya kalenda. Ng'ombe hawakai mbugani mwaka mzima. Wakati wa mvua wafugaji huwapandisha juu, kwa sababu matope huwachosha na kwato huvuruga nyasi. Kiangazi, juu kukibaki vumbi, wanashuka kwenye nyasi zilizobaki bondeni. Wasukuma walilijengea jambo hili utaratibu, ngitili: eneo linafungwa mvua zinapoanza, linafunguliwa malisho yanapoadimika. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliuvuruga, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ukasaidia kuufufua. Ukimnyang'anya mfugaji sehemu ya kumi ya malisho yake, na sehemu hiyo ikawa mbuga, hukumpunguzia sehemu ya kumi ya mwaka. Umemwondolea malisho ya miezi ile ambayo ng'ombe hufa.

Kenya nao wanaujua udongo huu, kwa njia ya matofali. Huko Kitengela na kwenye uwanda wa Athi, udongo mweusi wa malisho umekatwa viwanja. Mwenye kiwanja hugundua kabla ya msingi kwamba lazima achimbe na kuutupa mfinyanzi wote mpaka afikie kitu kigumu, au kuta zitafunguka kama nyufa za Oktoba. Wanaobana matumizi hawachimbi, na ukipita mtaani unazijua nyumba zao.

Sidai maabara kwa kila kijiji. Kamba ya udongo uliolowa, ikikunjwa pete bila kukatika, inakuambia mfinyanzi ni mwingi. Haikuambii ni mfinyanzi gani; wa Kongwa na wa Kishapu wanaweza kukupa pete zinazofanana. Hilo linajibiwa na shimo la mita moja, ziara mbili, moja kiangazi na moja wakati wa mvua, na maswali kwa wanaochunga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Basi na majina ya udongo ya kijiji yaingie kwenye ufunguo wa ramani, si kwenye kiambatisho.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kishapu nilikuwa na nakala ya mpango wa kijiji cha yule mzee. Malisho yote yamepakwa kijani kimoja. Nilimtandikia mzee ile karatasi juu ya kigoda, akaizungusha mpaka mto ukakaa upande anaoujua, kisha akaweka kidole kona ya chini, kwenye mistari ya mashamba mapya.

“Hapa,” akasema, “ndipo tunaposhukia Agosti.”