Hodi ya Angani

Sisi watu wa Pwani tulifunzwa chuoni kwamba mgeni hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi. Waborana wa Sericho, huko Isiolo kando ya mto Ewaso Ng'iro, wanayo hodi yao. Wazee wa dedha ndio waamuao malisho gani yaliwe sasa na yapi yangoje kiangazi. Mfugaji mgeni hutangulia kuomba ndipo alete ng'ombe.

Sasa, ndugu msomaji, imezuka ndege isiyo na rubani, hii iitwayo droni, nayo ina sheria zake. Kanuni za mwaka 2020, zilizokabidhiwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zilimtaka mwenye droni awe ametimiza miaka 18 na aisajili, hata kama ni ya kujifurahisha tu. Asipite futi 400 kutoka ardhini, wala asiwakaribie watu chini ya mita 50. Wa biashara akaongezewa cheti.

Sizibezi kanuni hizo. Ndege za abiria sharti zilindwe. Na nzige walipoivamia kaskazini ya Kenya mwaka 2020, nani asingetamani jicho la kuona mbali?

Lakini jicho hilo huona nyasi pia, na wakati wa ukame habari ya nyasi ni mali. Zamani habari hiyo aliileta kijana aliyetumwa na wazee. Leo aweza kuichukua mtu mwenye karatasi zote za Nairobi, aliyezitii futi 400 barabara, akaenda zake na picha za kinamasi cha Lorian bila ya mwenyeji kujua ni za nani wala za kazi gani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humlinda mtu. Nyasi si mtu. Hata hivyo, Katiba ya 2010, katika ibara ya 260, inapofasiri neno ardhi huhesabu na anga iliyo juu yake. Na ardhi ya jamii, yasema ibara ya 63, ni ya jamii.

Basi naona ni haki anayerusha droni kwa biashara aonyeshe leseni yake kwa wazee wa dedha pia, aseme anatafuta nini, na nakala ya picha aiache Sericho. Wenye mamlaka, hodi imebishwa, twangoja kuitikiwa.